Mguso wa Kwanza

Kinyozi alikuwa akitundika kioo kipya ukutani peke yake, kwa sababu alikataa kumsubiri fundi. Kioo kikamponyoka, na badala ya kukiacha kianguke, akakidaka. Kilimkata mkono wa kulia kwa ndani, juu kidogo ya kifundo, damu ikaruka mpaka mteja aliyekuwa kitini akatoka mbio na povu la sabuni usoni.

Watu walimwita Taratibu. Walimtania kwamba ukienda kunyolewa kwake, upande mmoja wa ndevu unaota tena kabla hajamaliza wa pili. Lakini hawakumhama, maana kabla ya kupitisha wembe alipapasa shavu kwa kidole gumba na cha shahada, akajua ngozi ilipolegea na palipojificha kipele, na hakuwahi kumkata mtu. Sasa vidole hivyo viwili, pamoja na cha kati, vilikuwa vimekufa ganzi. Madaktari waliunga mishipa ya damu na kano, jeraha likafunga vizuri, ila mshipa wa fahamu haukushika. Palibaki kovu gumu, na kovu hilo likitolewa lingebaki pengo lisiloweza kuvutwa likakutana. Saluni akamwachia mwenzake. Siku moja alikaa na kikombe cha chai ya moto mkononi, akipiga soga kama kawaida, na ni mkewe aliyekiona kidole kinatoka malengelenge.

Mke huyo alifanya kazi katika maabara ya hospitali kuu, kwenye chumba chenye printa isiyochapa karatasi. Ilichapa tishu hai. Wenzake walimwita Mpishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandaa wino wa mashine hiyo: jeli laini iliyochanganywa na seli za mgonjwa mwenyewe, zikiwa hai, katika joto lilelile la mwili. Nyumbani jina hilo lilikuwa kichekesho. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alisema kama huko kazini wanamwita Mpishi basi hawajaonja mchuzi wake.

Maabara ilikuwa ikitafuta wagonjwa wachache wa kujaribiwa tiba ya kuziba pengo la mshipa wa fahamu kwa mshipa uliochapwa. Mpishi akaenda kwa Profesa, mkuu wake wa kazi, akamweleza habari za mumewe.

"Anafaa," Profesa alisema baada ya kumpima. "Na wino utaupika wewe, sina mtu mwingine. Ila baada ya upasuaji, mikono nyuma. Humpimi, huingii chumba cha mazoezi. Wewe ni mkewe. Ukisema amehisi, nani atatuamini?"

"Nimeelewa, Profesa."

Kichwa kilielewa. Moyo hakuuuliza.

Walimtoa Taratibu kipande kidogo cha mshipa wa mguuni, mahali ambapo hasara yake ni ganzi kidogo tu kando ya unyayo, na kutoka humo Mpishi akapata seli alizozitaka: zile zinazouzunguka uzi wa fahamu, zikiulinda na kuuonyesha njia. Akazilea katika sahani za maabara. Hata siku za mapumziko alikwenda kuzibadilishia chakula chao. Akifungua kabati la joto husema, "Kuleni, wanangu," na mwenzake mmoja akawa anamcheka, "Mpishi, wewe una mimba ya kwenye sahani." Alicheka naye. Yeye na Taratibu walikuwa bado hawajapata mtoto, na utani huo ulimwingia mahali ambapo mwenzake hakupajua.

Siku ya kuchapa hakumruhusu mtu kukaa karibu na mashine. Sindano ilikwenda na kurudi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikapatikana kimrija chembamba kama utambi wa taa, chenye vijia ndani yake vya kupitisha nyuzi zitakazoota. Alikibeba mwenyewe hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Muuguzi akakipokea, mlango ukajifunga.

Baada ya hapo hapakuwa na kazi ila kusubiri. Uzi wa fahamu huota polepole mno. Kwa siku hauendi zaidi ya unene wa kadi ya benki. Ulipaswa kuvuka pengo lote, kisha kiganja, kisha vidole. Profesa alikuwa amemkataza Mpishi kupima, lakini nani angemkataza kumshika mumewe? Kila jioni wakishakula alichukua kipamba, akakipitisha kwenye ncha ya kidole gumba.

"Unahisi?"

"Bado."

"Na hapa?"

"Bado, mke wangu. Kikiamka utasikia kelele zangu mpaka kwa jirani."

Alijiwekea moyoni kwamba siku kidole hicho kitakapoamka kitamkuta yeye. Hakumwambia mtu. Aliona ni haki yake, kama mama aliyebeba mimba asivyohitaji kuomba ruhusa ya kumwona mtoto wake wa kwanza.

Huko hospitali Taratibu alikabidhiwa kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke ambaye wagonjwa wote walimwita Dada wa Mazoezi. Mpishi aliwahi kumwona kwa mbali: mfupi, mnene kiasi, viatu vya raba, kicheko cha kusikika korido nzima. Hakuwa mrembo wa kutisha. Mpishi alijituliza kwa hilo mwezi wa kwanza.

Kisha maneno yakaanza kuingia nyumbani. Dada kasema nisilalie mkono. Dada kasema ninyanyue gumba hivi. Dada ana vituko, leo kamwambia mzee mmoja kwamba goti lake linalia kama bawaba ya mlango. Taratibu alirudi kutoka mazoezini akinukia mafuta ya kukandia yenye mnanaa, na harufu hiyo ikakaa kwenye mto, kwenye taulo, kwenye mpini wa kijiko. Mpishi akanunua chupa ya mafuta yaleyale. Alipomkanda nayo, mumewe akafumba macho, akasema kwa nia njema kabisa, "Dada huanzia chini, akipanda juu."

"Mimi naanzia juu," Mpishi akajibu, akabana kidole gumba zaidi kuliko ilivyohitajika. Mwenye mkono hakujua, maana hakuhisi.

Ndipo ikaja ile siku. Mpishi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, mama mkwe yuko mezani anachambua mboga. Taratibu akaingia, hata viatu hakuvua.

"Nimehisi!"

Mama mkwe akapiga kigelegele, mboga zikamwagika. Mpishi alisimama na kisu mkononi.

"Umehisi nini?"

"Kidole gumba! Nilikuwa nimefumba macho, Dada ananigusa hapa na hapa kama siku zote, mara nikasikia kitu. Kama mdudu anatembea juu ya shuka, na mimi niko chini ya shuka. Nikamwambia, ndiyo, hapo! Akarudia. Hapo tena!"

"Alikugusa na nini?"

"Eh?"

"Na kipamba? Na ule waya wao wa kupimia?"

"Na kidole chake tu. Waya alichukua baadaye."

"Hongera, mume wangu," Mpishi alisema, akarudi kwenye vitunguu. Ilikuwa bahati kwamba ni vitunguu.

Mama mkwe aliinua mikono. "Mungu ambariki yule binti. Kanirudishia mkono wa mwanangu."

"Na mshipa nani aliupika, mama?"

"Si ulituambia ni mashine?" mama mkwe akauliza, bila ubaya wowote.

Jioni hiyo Taratibu alimnyooshea mkono mwenyewe. Mpishi akagusa gumba, naye akasema "Ndiyo!" kwa furaha, na hiyo "ndiyo" Mpishi akaipokea kama nguo ya mtumba. Ilikuwa nzuri, ilimtosha, lakini ilikwisha kuvaliwa. Alijiona mjinga. Alijiambia mume kapona, wewe unataka nini? Kisha akawaza kidole cha mwanamke yule juu ya kidole cha mumewe, na mumewe amefumba macho, na roho ikamchoma upya.

Siku iliyofuata alipiga simu hospitali akiwa kazini, amejifungia stoo. Alisema mumewe amefiwa na baba yake mdogo, kasafiri, haijulikani atarudi lini. Baba mdogo huyo hakuwahi kuwepo. Mpishi alimzaa na kumuua katika simu moja. Na aliporudi nyumbani akamwambia Taratibu kwamba Dada wa Mazoezi amekwenda likizo, ameagiza waendelee wenyewe mpaka atakapowaita.

"Mbona hakuniambia jana?"

"Ni ghafla."

"Basi wewe ndiye daktari wangu," Taratibu akasema, akatabasamu, naye Mpishi akatabasamu pia.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Walikaa sebuleni, mkono juu ya mto, mafuta kando, wakicheka kama wachumba. Lakini Mpishi alijua seli, mikono hakuijua. Hakujua kwamba nyama iliyo kati ya gumba na shahada hujikunja usipoivuta kila siku kwa namna yake. Wiki zikapita, gumba likaanza kuegemea kiganja kama lililoona baridi. Taratibu alijaribu kushika glasi, mkono haukufunguka vya kutosha.

Halafu likaja jambo lililomtisha Mpishi kuliko hilo. Shahada na cha kati navyo vilikuwa vimeanza kuamka. Alimfunga mumewe macho kwa leso, akagusa cha shahada.

"Kipi?"

"Cha kati."

Akafikiri amekosea yeye. Akagusa cha kati.

"Na hiki?"

"Gumba. Si gumba?"

"Ndiyo," Mpishi alidanganya. Akagusa ncha ya gumba, naye akasema kuna kitu kiganjani.

Hakupata raha tena. Kazini alisimama mbele ya printa akiitazama kama mtu anayemtazama shahidi. Vijia vile vya ndani, je, alivipanga vibaya? Sindano iliteleza? Alikuwa amempa mumewe mkono wa kuhisi uongo? Akitaka kuuliza, amuulize nani? Akimwambia Profesa, ataulizwa amejuaje, na kwa nini mgonjwa hajaonekana mazoezini. Alizunguka na siri hiyo mpaka maji yakamfika shingoni. Mchana mmoja akavua koti la maabara, akashuka ngazi, akagonga mlango wa chumba ambacho alikatazwa kuingia.

Dada wa Mazoezi alikuwa anakunja mikeka. Alipomtambua, uso wake ukalegea kwa huruma.

"Pole sana na msiba, dada. Kaka karudi?"

Mpishi alitaka kusema asante.

"Hakuna msiba," akasema. "Na hakusafiri. Yuko nyumbani. Nilikudanganya."

Dada wa Mazoezi akauweka mkeka chini. Mpishi akamweleza yaliyoupata mkono, gumba lililokaza, vidole vilivyobadilishana majina. Alieleza haraka, kitaalamu, kama anayezungumzia mgonjwa wa mtu mwingine. Mwenzake alimsikiliza hadi mwisho.

"Hilo la kukosea vidole ni la kawaida," akasema. "Nyuzi zinapoota hazirudi kila moja kwenye chumba chake cha zamani. Nyingine zinapotea, zinaingia chumba cha jirani. Mkono unatuma habari sahihi, ubongo unasoma anwani ya zamani. Unaufundisha upya, anatazama, anafumba, anatazama, kila siku. Mshipa wako hauna kosa."

Mpishi akashusha pumzi.

"Kosa ni gumba," Dada akaendelea, na kicheko chake hakikuwepo kabisa. "Hilo ni wiki ulizoniibia. Sijui kama litafunguka lote. Ulifanya hivyo kwa sababu gani?"

Kulikuwa na majibu mengi ya heshima. Mpishi aliyaacha yote.

"Siku ile alipohisi," akasema, "wewe ulifanya nini?"

"Nilirudia, nihakikishe."

"Halafu?"

"Halafu nikalia kidogo." Dada wa Mazoezi hakuona haya kusema. "Nimekanda mikono mingi isiyorudi. Huo ulirudi mbele yangu. Nililia, nikampigia mama yangu simu."

Mpishi angependa aambiwe kingine chochote. Angeambiwa ni kazi tu, angeridhika. Kumbe hata furaha ile mwenzake aliichukua kuwa yake, akaenda nayo kwao.

"Nilitaka niwe mimi," akasema kwa sauti ndogo.

Dada wa Mazoezi hakumkumbatia, wala hakumtukana. "Utamwambia wewe au nimwambie mimi? Ukimwambia wewe, ni mambo ya nyumbani. Nikimwambia mimi, ni mambo ya hospitali."

Alimwambia jioni hiyo, mama mkwe akiwa ameenda kwa jirani. Taratibu aliusugua mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Ulimuua nani?"

"Baba yako mdogo."

"Sina baba mdogo."

"Najua."

Mdomo wake ulichezacheza, ikawa kama atacheka. Hakucheka. "Mkono huu ulipokuwa umekufa ulikuwa wangu peke yangu. Mimi ndiye niliyeshindwa kufunga vifungo, mimi ndiye niliyefungiwa kamba za viatu na mama kama mtoto. Umeanza kuamka, mnagombania nani mwenyewe?"

"Hakuna aliyegombana ila mimi."

"Basi naomba usiuguse. Mpaka nikwambie."

Alirudi mazoezini. Mpishi naye akaenda kwa Profesa akasema yote, kabla habari haijamtangulia. Profesa hakupaza sauti. Alimwondoa kwenye kikundi cha utafiti huo, akamwachia kupika wino wa wagonjwa wa majaribio mengine, na matokeo ya Taratibu yakaingia kwenye ripoti yakiwa na pengo la wiki zile, ambalo kila aliyelisoma aliuliza limetoka wapi.

Lakini adhabu iliyouma ilikuwa ya mezani. Taratibu alipokea sahani kwa mkono wa kushoto. Alilala mkono wa kulia ukiwa upande wa ukuta. Na Dada wa Mazoezi alipoagiza atafutwe mtu wa nyumbani wa kumfundisha vidole kila siku, Taratibu akamchagua mama yake.

Mpishi aliosha vyombo akiwasikiliza kutoka jikoni. Akajikuta ana wivu hata kwa mama mkwe, mwanamke wa miaka sabini na miwani yake iliyofungwa uzi.

"Kipi hiki, mwanangu?"

"Cha kati."

"Hapana, karibu na hicho. Kile cha kuonyeshea watu."

"Mama, ukinitajia nitajifunzaje?"

"Nakusaidia."

"Basi nyamaza ukinigusa."

"Haya. Na hiki? Sisemi kitu. Kinaanza na gu."

Waliendelea hivyo siku kadhaa. Mpishi alizoea kusugua sufuria moja mpaka ing'ae, ili asitoke jikoni. Jioni moja akasikia mama mkwe anainuka kwa kuguna, anasema yeye amechoka, kijana wake hana akili ya vidole. Kisha ikafuata sauti ya Taratibu, haikuwa ya hasira wala ya kubembeleza.

"Njoo."

Mpishi alifuta mikono, akaifuta tena. Akaketi mbele yake. Taratibu alikuwa tayari amefumba macho, mkono juu ya mto. Mpishi akagusa cha shahada, kidogo tu.

"Cha kati," akasema.

"Fumbua. Tazama. Ni hiki." Akakigusa huku mumewe anatazama. "Fumba."

Walirudia mpaka chai ikapoa. Alikosea, akakosea, akapatia, akakosea tena. Mpishi hakusema neno la ziada. Aliogopa neno lolote lingegeuka kuwa dai. Mwishowe Taratibu akiwa bado amefumba macho aliinua mkono wenyewe, akautafuta uso wa mkewe, akapapasa taya lake kwa gumba lisilofunguka sawasawa, kama alivyowapapasa wateja.

"Una kipele hapa."

Mpishi alikuwa amekipaka poda tangu asubuhi. "Yaani hicho ndicho ulichokihisi?"

"Ndicho kilichopo."

Alikasirika kidogo, akafurahi zaidi ya hapo, na hakuutoa uso wake.

Gumba halikufunguka lote. Taratibu alijifunza kushika wembe kwa namna mpya, ameuegemeza kwenye kidole cha kati, akarudi saluni kwa nusu siku. Mtu wa kwanza aliyeketi kwenye kiti chake alikuwa baba yake Dada wa Mazoezi, mzee mwenye ndevu nyeupe, ambaye binti yake alimleta kwa mkono bila kumuuliza maoni. Mpishi alikuwa pale tangu asubuhi, amekaa kwenye benchi la wateja na mkoba mapajani. Hakufurahi kuona nani ameingia. Alisema "Karibuni," naye akaitikiwa.

Taratibu akampaka mzee sabuni. Kabla ya kuchukua wembe, akafumba macho, akapitisha gumba na shahada shavuni, akasimama mahali, akarudi nyuma, akajiuliza, akaendelea. Wanawake wote wawili waliacha kupumua.

"Ameshika vizuri," Dada wa Mazoezi alinong'ona.

"Amejifundisha mwenyewe," Mpishi akanong'ona pia, kisha akaona hilo halikuwa kweli. "Mlimfundisha."

Mwenzake alikuwa bado amesimama, hana pa kukaa. Mpishi akauhamisha mkoba kwenye paja la upande wa pili, akasogea kidogo kwenye benchi. Si sana.